UZI: Mnaosema "acha ushamba", leteni vipimo tuone nani mshamba

#1 Mpini_wa_Mninga (mwanzisha uzi)

Wakuu, neno "mshamba" limezaliwa na "shamba", halafu likageuka tusi. Mtu akisita mbele ya lifti, mshamba. Akiuliza gari la Mbagala linapandiwa wapi, mshamba. Lakini lugha hiyohiyo haina tusi la mtu wa mjini asiyejua gunia la mahindi linakaaje miezi minane bila kubunguliwa.

Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120, na karibu theluthi mbili yao wako vijijini. Kwa hiyo tusi hili ni la wachache kwa wengi.

Sitaki uzi wa "tuwapende wakulima jamani, wanatulisha". Huruma ya namna hiyo ni dharau iliyooga. Nataka ufundi: vipimo, hatua, na kinachoharibika ukikosea. Naanza na ngoro, yaani mashimo ya kulimia mlimani, za Wamatengo wa Mbinga mkoani Ruvuma.

Milima ile ni mikali. Ukilima kwa matuta ya kawaida, mvua mbili zinakuachia mwamba. Mwezi Machi, mvua zikiwa zinaelekea mwisho, majani yanafyekwa kwa nyengo na kuachwa yanyauke, wiki moja hadi mbili. Kisha yanakusanywa kwa mistari inayokatana, mingine ikishuka na mteremko na mingine ikiukata, mpaka kilima kinakuwa kama karatasi ya hesabu. Kila mraba una kama mita 1.5 hadi 2 kila upande. Udongo unachimbwa katikati ya mraba na kutupwa juu ya majani pande zote nne. Katikati panabaki shimo, pembeni panainuka tuta lenye majani tumboni. Maharage yanamwagwa juu ya tuta na kufunikwa kwa udongo mwingine kutoka mlemle shimoni.

Maharage yanavunwa kuanzia Juni au Julai. Mvua zikirudi mwishoni mwa mwaka, mahindi yanapandwa juu ya matuta yaleyale, na magugu yanayopaliliwa yanatupwa shimoni yaoze. Mahindi yakishatoka, Machi inayofuata mzunguko unaanza upya, na shimo jipya haliwekwi lilipokuwa la zamani: linahamia kwenye tuta. Ndani ya miaka michache udongo wote wa shamba umepinduliwa na kushibishwa mboji, bila trekta.

Aliyelibuni hilo mnamwita nani?

#2 Sinza_Finest

Mkuu, kuchimba mashimo nako ni uhandisi? Kila mtu anachimba shimo. Na kama ni ufundi mkubwa hivyo, mbona wanakimbilia mjini kuuza maji ya chupa kwenye foleni?

#3 Mpini_wa_Mninga

Chimba basi, uone. Ukifanya mraba mkubwa, mita 3 kwa mfano, shimo linapokea maji mengi kuliko uwezo wa tuta lake la chini, tuta linapasuka. Maji yaliyotoka hapo yanaingia shimo la chini ambalo nalo lilikuwa limejaa, linapasuka, na kwa mtindo huo safu nzima inachanika mpaka bondeni. Ndiyo maana tuta la juu kabisa ndilo linalokaguliwa kwanza baada ya mvua kubwa.

Ukifukia majani kabla hayajanyauka, yanachipua ndani ya tuta na msimu mzima unapalilia ulichopanda mwenyewe. Ukiyaacha yakauke mno, yanapeperuka na kuvunjika, hayashiki mstari. Ukimwaga maharage bila kuyafunika kwa udongo wa pili kutoka shimoni, mvua ya kwanza inayabeba.

Maafisa wa Kiingereza waliandika kuhusu mashimo haya tangu miaka ya 1930 kwa mshangao mkubwa. Miaka ya 1990 Chuo Kikuu cha Sokoine na watafiti wa Kijapani walikwenda kukaa Mbinga kuyasoma. Watu hawaendi kusomea "kuchimba shimo tu".

Swali lako la pili ni zuri kuliko la kwanza. Ngoro zinakula nguvu za watu. Kazi ya kufyeka na kupanga majani ni ya wanaume, ya kuchimba na kupanda kwa kawaida ni ya wanawake, na kahawa nayo inataka mikono. Vijana wakiondoka, wanaobaki wanahamia mashamba ya tambarare wanakoweza kulima matuta. Kwa hiyo anayekimbilia mjini anaondoka na ufundi kichwani, kisha anaambiwa hana ujuzi.

#4 Morogoro_Juu

Naongezea upande wa pili, pale "mtaalamu" alipokuja kumfundisha "mshamba". Milima ya Uluguru, miaka ya 1950. Serikali ya mkoloni ilileta mpango wa matumizi ya ardhi, watu wakalazimishwa kuchimba matuta ya ngazi, kila kaya na kiwango chake. Waluguru wakagoma. Julai 1955 kukawa na vurugu Matombo, mtu akauawa.

Kwenye majalada waliandikwa kuwa wavivu na wagumu wa kuelewa. Ukweli uko kwenye udongo. Sehemu nyingi za Uluguru tabaka la juu lenye rutuba ni jembamba sana. Ukichonga ngazi, unafukia udongo mzuri chini na kuweka juu udongo mfu. Mwaka wa kwanza mahindi yanatoka ya manjano, na kwenye miteremko mikali ngazi yenyewe inanyonya maji, inakuwa nzito na kuporomoka. Mkulima aliyakataa matuta baada ya kuona mavuno yake, na afisa alikuwa na kitabu cha mahali pengine.

#5 Kongwa_Kavu

Mmetaja mtaalamu bila kutaja Kongwa? Uingereza, baada ya vita kuu ya pili, ina njaa ya mafuta ya kula. Mwaka 1947 wanaanza mradi wa karanga Tanganyika: Kongwa, Urambo, Nachingwea. Walipanga ekari zaidi ya milioni 3. Wakaleta matrekta, mengine yakiwa vifaru vya vita vilivyogeuzwa. Mwaka 1951 mradi ukafungwa, hasara ikiwa pauni milioni 36 hivi.

Kwanini Kongwa ilikuwa tupu kiasi cha kuonekana "ardhi isiyotumika"? Mgogo angewajibu kwa sentensi moja: mvua hapa haiaminiki. Yeye alipanda mtama na uwele, akatawanya mashamba, na akiba yake akaiweka kwenye ng'ombe anayeweza kutembea kufuata majani. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi unaokuwa kama sakafu jua likiwaka. Karanga huzaa chini ya ardhi. Hata zilipostawi, kuzing'oa ilikuwa kama kuchimba lami. Mizizi ya mibuyu na vichaka nayo ikavunja majembe ya matrekta.

#6 Sinza_Finest

Sawa, nimesoma, historia nzuri. Lakini hiyo ni miaka ya babu. Leo hii mjini tunakula mahindi yenye wadudu na sumukuvu. Hizo si kazi za haohao wataalamu wenu wa shamba?

#7 Bi_Ghala

Swali halali kabisa. Mahindi yanaharibikia mikononi mwa wengi na njia ya gari ni ndefu, kwa hiyo tuipite yote.

Shambani: mahindi yakishakomaa yasikae yamesimama wiki na wiki. Ndege wanayachana, mvua ya kuchelewa inaingia, kuvu inaanza hapohapo. Yakivunwa, yasitupwe juu ya udongo mtupu, maana kuvu anayetengeneza sumukuvu anaishi udongoni. Turubai au chanja.

Kupukuchua: kupiga mahindi kwa fimbo ndani ya gunia kunavunja punje. Punje iliyovunjika ni mlango ulio wazi, kuvu na wadudu wanaingilia hapo kwanza. Mashine ya mkono ni ya pole zaidi.

Ukaushaji: kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni unyevu usiozidi asilimia 13.5, na sumukuvu kwa jumla isizidi sehemu 10 kwa bilioni. Kijijini hakuna kipima unyevu, kuna chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyokauka, yenye kifuniko kinachobana. Chumvi nayo ianikwe kwanza, maana chumvi ya dukani mara nyingi ina unyevu wake. Jaza mahindi theluthi moja ya chupa, weka vijiko viwili au vitatu vya chumvi, funga, tikisa dakika mbili hadi tatu, kisha iache itulie dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado. Ikianguka yote chini, yamepita.

Kihenge: miguu yake iwe na urefu unaokaribia mita 1, na kila mguu uvalishwe bati lililogeuzwa kama faneli ili panya asipande. Kuta zinakandikwa kwa udongo na kinyesi cha ng'ombe, na nyufa zinazibwa kila mwaka kabla ya kujaza. Mahindi ya mwaka jana hayachanganywi na mapya hata kidogo. Ndiyo njia ya mkato ya kuwakaribisha wadudu.

Sasa dalali anafika na lori. Anamwaga mahindi makavu na mabichi pamoja, anafunika turubai, siku mbili barabarani kwenye joto. Yakifika mjini yana ukungu, lawama zinarudi kijijini.

#8 Tembe_la_Mtama

Sahihisho dogo kwa Bi Ghala, lakini ni la maana. Kipimo cha chumvi kinatenganisha kwenye unyevu wa asilimia 15 hivi. Chumvi isipoganda, umejua tu kwamba uko chini ya 15. Bado hujafika 13.5. Kwa kihenge chenye hewa inaweza kupita. Kwa mfuko usiopitisha hewa ni hatari. Kwa hiyo yakipita kipimo, anika siku moja au mbili zaidi za jua kali, ndipo ufunge.

#9 Bi_Ghala

Kweli kabisa, asante. Nilipaswa kusema hivyo.

#10 Urambo_Moja

Kuhusu wadudu, kijana wa Sinza aelewe kitu. Fukusi wa kawaida tumekuwa naye siku zote. Aliyeleta balaa ni dumuzi, ambaye asili yake ni Amerika ya Kati. Aliripotiwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na wakulima wakampa jina "Scania" kwa jinsi anavyobomoa mzigo. Hakuletwa na mshamba yeyote. Alisafiri na nafaka kutoka nje.

Mbinu ya zamani ilikuwa kutunza mahindi na magunzi yake, mara nyingi juu ya jiko ili moshi uyafukize. Kwa fukusi ilifanya kazi vizuri. Kwa dumuzi ni karamu, kwa sababu anapenda punje iliyoshikamana na gunzi: anapata pa kujikita akitoboa. Wakulima walibadili utaratibu wa vizazi ndani ya miaka michache: pukuchua mapema, anika, changanya dawa ya unga kwa kipimo cha kwenye kibandiko, kisha hifadhi. Kuacha njia ya bibi yako kwa sababu adui amebadilika ni sayansi hiyo. Mjini mngeita "ubunifu" na kuifanyia semina hotelini.

Dalili zake: unga mwingi chini ya gunia kuliko wa fukusi wa kawaida, na matundu hata kwenye mbao za kihenge. Ukiona mbao zinatobolewa, usiweke mahindi mapya humo kabla ya kubadili mbao.

#11 Nyandarua_Baridi

Wadau, salamu kutoka Kenya. Huku tunaita "ushago" au "ocha", na mtu wa huko anaitwa mshamba vilevile. Kuhusu sumukuvu, 2004 tulizika watu 125 kati ya wagonjwa 317, wengi Makueni na Kitui. Mahindi yalivunwa na kuhifadhiwa yakiwa na unyevu, na watu wakala kwa sababu hapakuwa na mengine. Njaa ilikuwa imekaza. Mtu mwenye akiba anasubiri jua. Asiye nayo anakula kilichopo, ujuzi au la. Hilo Sinza aliweke kando ya chumvi na chupa.

Ila nilitaka kuwauliza: nyinyi gunia lenye kichwa mnaliitaje? Huku kwa viazi, gunia linalojazwa kupita mdomo tunaliita "mukurino", kwa kile kilemba chake juu. Sheria ya viazi ya 2019 ilisema gunia lisizidi kilo 50, lakini kilemba bado hakijavuliwa kila mahali.

#12 Mizani_ya_Haki

Hapa ni "lumbesa". Umenigusa pabaya.

Gunia la kilo 100 linajazwa mpaka mdomoni, kisha linashonewa nyavu au kamba juu na kujazwa tena, linafika kilo 130 au zaidi. Bei inabaki ya gunia moja. Fanya hesabu: magunia 20 ya viazi, kila moja limezidi kilo 30. Ni kilo 600. Mkulima ametoa magunia 6 bure, na ushuru wa mazao unalipwa kwa idadi ya magunia 20, kwa hiyo hata halmashauri imepunjwa.

Kwa nafaka mchezo uko kwenye ndoo. Ndoo ya plastiki ya lita 20 inapashwa moto na kutanuliwa, inabeba lita 23. Haionekani kwa jicho. Katika ndoo 7 mkulima ameshatoa ndoo nzima ya ziada. Halafu kuna kipimo cha "kichuguu", nafaka inapandishwa juu ya mdomo wa ndoo mpaka imwagike.

Dawa ni mizani, na lazima iwe ya kijiji au ya chama, isiwe ya mnunuzi. Mizani ya kuning'iniza ina sili ya Wakala wa Vipimo na tarehe ya ukaguzi, iangalie kabla. Kisha ipime yenyewe: tundika kitu unachojua uzito wake, kwa mfano mfuko wa saruji wa kilo 50 ambao haujafunguliwa. Ikisoma 46, funga biashara. Mizani ikitundikwa kwenye tawi linaloyumba, au gunia likigusa chini hata kidogo, namba ni ya uongo. Ukiuza kwa ndoo, pima ndoo kwa maji kwanza, chupa za lita moja zinatosha. Maji hayana undugu na dalali.

#13 Kariakoo_Jumla

Nimesoma na nitatetea upande wa soko kidogo. Gari linatozwa kwa gunia, mpagazi analipwa kwa gunia, kwenye kizuizi cha ushuru wanahesabu gunia. Ukipunguza gunia hadi kilo 100 bila kubadili yote hayo, gharama ya kila kilo inapanda na anayenunua fungu sokoni ndiye atakayelipa. Wafanyabiashara hawakuamka siku moja na roho mbaya, mfumo mzima unahesabu vichwa vya magunia.

Pia ubora unatofautiana. Mkulima naye anaweka viazi vikubwa juu, vidogo na vilivyokatwa jembe chini. Tuseme yote.

#14 Mizani_ya_Haki

Hilo la viazi vidogo chini ni kweli, wala silitetei. Lakini kuhesabu vichwa kunatibika: nauli na ushuru vihesabiwe kwa kilo. Hata mpagazi atashukuru, maana kilo 130 mgongoni ni uti wa mgongo wa mtu, na yeye naye juzi tu alikuwa "mshamba".

#15 Mwana_wa_Pwani

Kidogo kuhusu neno lenyewe. Pwani zamani mgawanyo ulikuwa wa "waungwana" na "washenzi", "ustaarabu" na "bara". Ustaarabu kwa asili ni kuwa kama Mwarabu. "Mshamba" alikuwa yule anayekaa mashambani nje ya mji, akilima minazi na mikarafuu ya wenye mji, na wengi wao walikuwa watumwa au wazao wa watumwa. Kwa hiyo neno lina umri na lina damu. Kijana wa leo anayelitupa kwenye kijiwe halijui hilo, analirithi tu.

#16 Mfongo_Mrefu

Tuhamie kwenye maji. Mifongo ya Uchaggani iliwashangaza wageni wa karne ya 19: mifereji inayotoka makorongoni na kuzunguka mlima kufuata mteremko mdogo sana. Kiwango chake hutafutwa na maji yenyewe: unachimba kipande, unaachia maji, unaona yanakokataa, unarekebisha. Mteremko ukizidi, maji yanachimba mfereji na kuuvunja. Ukipungua, mchanga unatuama na mfereji unajaa. Panapovuja panazibwa kwa udongo wa mfinyanzi na migomba iliyokatwa. Maji ya usiku hayapotei, yanalala kwenye bwawa dogo, nduwa. Upareni wanaita ndiva. Asubuhi yanafunguliwa kwa zamu, na asiyetokea siku ya kusafisha mfereji zamu yake inarukwa. Chini ya mfereji kuna kihamba: ndizi, kahawa, magimbi, miti ya kivuli juu, ng'ombe wa zizini anayekula migomba na kurudisha samadi. Mwaka 2011 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, iliingiza kihamba cha Shimbwe Juu kwenye orodha ya urithi wa kilimo duniani.

Lakini mfano ninaoupenda ni wa Usangu, Mbarali. Banio la asili la mpunga, yaani kizuizi cha mtoni kinachogeuzia maji shambani, ni mawe, matawi na nyasi. Linavuja. Mhandisi akiliona anacheka. Ndipo yakajengwa mabanio ya zege yenye milango ya chuma. Tatizo: banio la zege lina uwezo wa kuchukua maji yote ya kiangazi, na lile la matawi halikuwa nao. Uvujaji ule ndio uliokuwa unapeleka maji kwa wa chini. Mafuriko yakilibomoa, watu wa juu na wa chini walilazimika kukutana kulijenga upya. Banio la zege halibomoki, kwa hiyo hakuna sababu ya kukutana.

Tangu 1993 mto Ruaha Mkuu, unaopokea maji ya Usangu, umekuwa ukikauka sehemu fulani kila kiangazi. Mabanio si sababu pekee, eneo la mpunga limepanuka mno na maji yanaachwa yatiririke mashambani hata kiangazi. Lakini mzigo wa lawama waliubeba wafugaji, wakaondolewa kwa nguvu 2006 na 2007. Mto haukurudi kwa hilo.

#17 Sinza_Finest

Hapo mmenishika kidogo. Lakini wafugaji bwana, Shinyanga si ndiyo waliigeuza jangwa?

#18 Ngitili_Wazi

Uliza nani alikata miti kwanza. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya mkoloni ilifyeka misitu ya Usukumani ili kuwaua mbung'o. Pamba ikachukua ardhi. Miaka ya 1970 vijiji vya ujamaa vikawahamisha watu, wakaacha nyuma ngitili zao, yaani malisho ya akiba.

Ngitili inafungwa mvua zinapoanza, mifugo haigusi mpaka kiangazi kishike. Majani yanakomaa na kudondosha mbegu, migunga inachipua kutoka mizizi iliyokuwa hai chini siku zote. Ikifunguliwa, inafunguliwa kwa vipande. Ndama, ng'ombe wa maziwa, maksai wa kulimia na wagonjwa wanatangulia. Ukiifungua yote kwa siku moja, wiki tatu umemaliza akiba ya miezi minne. Mipaka ni njia, kichuguu, mti unaojulikana. Anayeingiza ng'ombe usiku anashughulikiwa na sungusungu, na faini inapangwa na dagashida, mkutano wa jadi wa Wasukuma.

Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulipoanza 1986 ulianza na vitalu vya miche ya kigeni. Watu hawakuichangamkia: mche unataka maji ya kumwagilia mahali ambapo maji ya kunywa ni shida, na mbuzi anaumaliza. Mradi ukawasikiliza, ukageukia ngitili. Wakati huo zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zaidi ya hekta 300,000, katika vijiji 833.

Kasoro zipo. Ngitili nyingi ni za wenye ng'ombe wengi. Asiye na mifugo anaona ardhi inafungwa tu, kuni na nyasi za kuezekea anaomba.

#19 Dada_wa_Mezani

Mnamsifu "mtu wa kijijini" kana kwamba ni mmoja. Azimio la Arusha la 1967 lilishaonya mambo mawili, na watu hukumbuka la kwanza tu: kwamba mikopo inajenga mijini na kulipwa kwa mazao ya mkulima, kwa hiyo tusipoangalia mnyonyaji atakuwa mtu wa mjini. La pili: kwamba wanawake wa vijijini wanafanya kazi kupita kiasi huku wanaume wengi wakiwa kama likizoni. Rudini kwenye ngoro za mwanzo wa uzi, muone jembe liko kwa nani. Mbegu za maharage za mwaka ujao anazichambua nani? Anaondoa zilizokunjamana, zenye madoa na zenye tundu, anachanganya na majivu makavu yaliyochekechwa, anaziba chungu. Halafu siku ya kupokea fedha za mauzo, jina kwenye daftari la chama ni la mume.

#20 Sinza_Finest

Dada umemaliza. Basi swali la vitendo: hii mifuko ya PICS, ile ya kuhifadhia nafaka isiyopitisha hewa, inayotajwa kila mahali, mtu akishaitumia msimu mmoja anaitupa? Bei yake si mchezo.

#21 Tembe_la_Mtama

Haitupwi. Ina tabaka tatu: mifuko miwili ya nailoni nzito ndani, mmoja wa kufuma nje. Ikitunzwa inafika misimu miwili mitatu. Kabla ya kurudia, toa ile ya ndani, ijaze hewa, sokota mdomo, bana kama puto na sikiliza. Pia inyanyue juani utafute mwanga wa vitundu. Yenye tundu moja dogo inaweza kuzibwa kwa utepe wa gundi, yenye mengi itumie kwa kazi nyingine.

Kufunga ndiko watu wanakokosea. Jaza ukiacha shingo ya kutosha, kama sentimita 30. Shindilia hewa itoke, sokota shingo ya mfuko wa ndani kabisa, ikunje, ifunge kwa mpira. Fanya hivyo kwa wa pili, kisha wa nje, kila mmoja peke yake. Ukizifunga zote tatu kwa kamba moja, hewa inapita na umenunua gunia ghali. Wadudu waliomo watakufa kwa kukosa hewa, kwa hiyo usifungue wiki za mwanzo kwa ajili ya kuchungulia. Kaya ya kula kidogokidogo ichague mifuko midogo, maana kila ukifungua hewa inaingia upya.

Usiweke dawa ndani, haihitajiki. Usiweke mahindi yenye vipande vya magunzi, yanatoboa. Na usiuegemeze ukutani, uweke juu ya chaga katikati ya chumba, panya hatapata pa kujificha wakati anautoboa.